Kuchagua kwa Kurudia: Hesabu Michanganyiko Yote Bila Kuiorodhesha

Mwaga boksi la dhumna mezani, hesabu vipande. Ni 28. Kila kipande kina pande mbili, na kila upande una namba, kuanzia sifuri, ambayo huachwa tupu, hadi sita. Namba zenyewe ni saba. Kila kipande kimechukua mbili, na namba moja imeruhusiwa kujirudia, ndiyo maana kuna tano-tano na sita-sita. Kipande ukikigeuza kinabaki kilekile, kwa hiyo mbili-tano na tano-mbili ni kipande kimoja. Ukiyaweka masharti hayo pamoja, 28 haikwepeki: boksi lenye vipande 27 limepoteza kimoja, na lenye 29 limeokota cha boksi jingine.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuifikia hiyo 28, na namba kubwa kuliko hiyo, kwa kalamu na karatasi. Nimemwandikia mwanafunzi wa tuisheni wa Mbagala au Tandale aliyekwama kwenye swali la michanganyiko, mzazi anayekaa naye jioni mezani, na mfanyabiashara mdogo anayetaka kujua bidhaa zake zinaweza kuchanganywa kwa njia ngapi. Ukijua kuzidisha na kugawanya, unaweza kuanza.

KWA NINI HESABU HII

Shuleni somo hili huanza kwa kamati: chagua wajumbe watatu kati ya wanachama kumi. Mtu mmoja hawezi kuingia mara mbili katika kamati moja, kwa hiyo mwanafunzi anazoea hesabu isiyoruhusu kurudia. Kisha anatoka nje ya lango la shule, na karibu kila uchaguzi anaoukuta mtaani unaruhusu kurudia. Mteja wa vitafunwa vya asubuhi hachukui kimoja kimoja cha kila aina. Anachukua chapati nne na maandazi mawili. Mwenye duka la Tandika anajaza kreti la chupa 24 kwa ladha nne tu.

Jaribu kutumia fomula ya kamati hapo. Chagua vitu sita kati ya aina nne bila kurudia: haiwezekani, fomula itakupa sifuri. Na foleni ya wateja ipo, kila mmoja anachagua sita zake na kuondoka. Fomula haina kosa; imepelekwa kwenye swali lisilo lake. Kwa maoni yangu makosa mengi ya somo hili yanatokea kabla mtu hajaandika namba yoyote, kwa hiyo tuanzie hapo.

KISANDUKU CHA 1: MASWALI MAWILI KABLA YA KALAMU

Swali A: Nikibadili mpangilio wa nilivyochagua, nimepata kitu kipya?
Swali B: Kitu kimoja kinaweza kuchaguliwa zaidi ya mara moja?

• A ndiyo, B ndiyo. Namba ya siri ya tarakimu nne kwenye simu. 1223 na 3221 ni namba mbili tofauti, na 2 imejirudia. Hesabu: 10 × 10 × 10 × 10 = 10,000.
• A ndiyo, B hapana. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa kikoba chenye wanachama 10, mtu mmoja cheo kimoja. Hesabu: 10 × 9 × 8 = 720.
• A hapana, B hapana. Wajumbe watatu wasio na vyeo kutoka kikoba hichohicho. Hesabu: 720 ÷ 6 = 120.
• A hapana, B ndiyo. Vitafunwa sita ndani ya mfuko mmoja. Huu ndio uwanja wa mwongozo huu.

Jibu maswali haya kwa sauti, au yaandike pembeni mwa daftari. Mwanafunzi anayeruka hatua hii kwa sababu ya haraka ya mtihani ndiye anayepoteza dakika kumi baadaye.

HATUA KWA HATUA: MFUKO WA VITAFUNWA SITA

Mama muuza vitafunwa ana aina nne mezani: maandazi, chapati, vitumbua na sambusa. Umetumwa ulete sita, vyovyote utakavyochanganya. Mifuko tofauti inayowezekana ni mingapi?

1. Panga aina kwa mfuatano mmoja na usiubadilishe tena. Tuseme: maandazi, chapati, vitumbua, sambusa. Hata kama hutanunua sambusa, nafasi yake ibaki kwenye mfuatano.

2. Chora kitone kimoja kwa kila kitu utakachochukua. Vitafunwa sita, vitone sita.

3. Tenganisha aina kwa vijiti. Kijiti kimoja kinasimama kati ya maandazi na chapati, cha pili kati ya chapati na vitumbua, cha tatu kati ya vitumbua na sambusa. Aina nne, vijiti vitatu.

Maandazi mawili, chapati tatu, bila kitumbua, sambusa moja:

o o | o o o | | o

Vijiti viwili vilivyobanana vinasema hakuna kitumbua. Chapati sita tupu:

| o o o o o o | |

4. Hakikisha picha na mfuko vinakwenda sambamba. Kila mfuko una picha yake moja tu, na kila picha ina mfuko wake mmoja tu. Usiipite hatua hii haraka. Chora picha yoyote ovyo yenye vitone sita na vijiti vitatu, mpe jirani aisome. Atakutajia mfuko bila kubahatisha. Kwa hiyo ukihesabu picha umehesabu mifuko.

5. Hesabu nafasi. Vitone 6 na vijiti 3 vinafanya nafasi 9 kwenye mstari. Ukishaamua vijiti vitatu vikae wapi, vitone vinajaza zilizobaki vyenyewe.

6. Chagua nafasi za vijiti. Kijiti cha kwanza kina nafasi 9, cha pili 8, cha tatu 7: 9 × 8 × 7 = 504. Lakini vijiti vinafanana, na kuvibadilishana hakuleti picha mpya. Vijiti vitatu vinabadilishana kwa njia 3 × 2 × 1 = 6. Gawanya: 504 ÷ 6 = 84.

Mifuko ni 84.

Kwa maandishi ya kitabu: ukiwa na aina n na unachukua vitu k, jumla ya nafasi ni n + k − 1, na unachagua nafasi n − 1 za vijiti kati ya hizo. Kwenye kikokotoo chenye kitufe cha nCr, bonyeza 9 nCr 3. Ukibonyeza 9 nCr 6 utapata 84 hiyohiyo, maana kuchagua nafasi za vijiti na kuchagua nafasi za vitone ni kazi moja iliyotazamwa pande mbili.

Rudi sasa kwenye dhumna. Aina ni saba, vitu ni viwili: vitone 2, vijiti 6, nafasi 8. Chagua mbili za vitone: 8 × 7 ÷ 2 = 28.

TAHADHARI: aina nne hazihitaji vijiti vinne. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote, kwa sababu mkono unataka kuweka kijiti mwishoni pia ili kufunga mstari. Ukifanya hivyo unapata 10 × 9 × 8 × 7 ÷ 24 = 210, ambayo ni hesabu ya meza yenye aina tano. Utakuwa umemwongezea mama kitafunwa ambacho hakukipika.

HAKIKI KWA NAMBA NDOGO

Usiiamini fomula, yangu au ya mtu mwingine, kabla hujaijaribu pale unapoweza kuorodhesha yote. Chukua aina tatu, maandazi (M), chapati (C) na vitumbua (V), na mfuko wa vitu vitatu. Fomula inasema nafasi 5, vijiti 2: 5 × 4 ÷ 2 = 10. Orodhesha:

MMM, MMC, MMV, MCC, MCV, MVV, CCC, CCV, CVV, VVV.

Kumi. Kanuni ya kuorodhesha bila kusahau wala kurudia ni moja: herufi hairudi nyuma. Baada ya C unaweza kuandika C au V, kamwe usiandike M. Kanuni hiyo inahakikisha kila mfuko umeandikwa kwa namna moja tu, kwa hiyo CMM haiingii kisiri wakati MMC imekwishaandikwa.

JEDWALI LA KUJUMLISHA TU

Kama kikokotoo hakipo, au kuzidisha namba kubwa kunakuchosha, jenga jedwali kwa kujumlisha. Safu wima ni idadi ya vitu, safu mlalo ni idadi ya aina.

Vitu: 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6
Aina 1: 1, 1, 1, 1, 1, 1, 1
Aina 2: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7
Aina 3: 1, 3, 6, 10, 15, 21, 28
Aina 4: 1, 4, 10, 20, 35, 56, 84
Aina 5: 1, 5, 15, 35, 70, 126, 210

Namba ya kwanza ya kila mstari ni 1. Kila namba nyingine ni jumla ya iliyo juu yake na iliyo kushoto kwake. Kwa mfano 84 ni 28 ya juu na 56 ya kushoto. Sababu yake unaiona mezani kwa mama: mifuko 84 inagawanyika makundi mawili. Kuna mifuko isiyo na sambusa kabisa. Hiyo ni sita kutoka aina tatu, 28. Na kuna mifuko yenye angalau sambusa moja; iweke hiyo moja kando, imebaki kuchagua vitano kutoka aina zote nne, 56.

Mwalimu wa tuisheni, tafadhali anza na jedwali hili kabla ya fomula. Mtoto wa darasa la saba anaweza kulijenga, na akilijenga kwa mkono wake anaelewa namba zinatoka wapi. Fomula ikija baadaye inamkuta amejiandaa.

KOSA LINALODANGANYA WENGI: KUGAWANYA

Kuna njia inayoonekana ya busara. Vitafunwa sita, kila kimoja kina chaguo nne: 4 × 4 × 4 × 4 × 4 × 4 = 4,096. Kisha, kwa kuwa mpangilio haujalishi, gawanya kwa njia za kupanga vitu sita, 720. Jibu: 5.69 hivi. Mifuko mitano na kipande cha mfuko. Desimali inakupa taarifa mapema kwamba kuna kitu hakiko sawa, lakini mara nyingine mgawanyo unatoa namba kamili kwa bahati na kosa linapita.

Namba ya siri ya simu inaonyesha vizuri kinachoharibika. Namba za tarakimu nne ni 10,000. Ukisahau mpangilio na kutazama tu tarakimu zipi zimetumika, na mara ngapi, makundi ni mangapi? Aina 10, vitu 4, nafasi 13: 13 × 12 × 11 × 10 ÷ 24 = 715. Ukigawanya 10,000 kwa 24 unapata 416 na desimali. Tofauti ni kubwa, na sababu ni kwamba makundi hayalingani ukubwa.

KISANDUKU CHA 2: MAKUNDI 715 NDANI YA NAMBA 10,000

• Tarakimu nne zote tofauti (kama 1, 4, 7, 9): makundi 210, kila moja lina mipangilio 24. Jumla 5,040.
• Moja imejirudia mara mbili, mbili nyingine tofauti (kama 3, 3, 5, 8): makundi 360, mipangilio 12 kila moja. Jumla 4,320.
• Jozi mbili (kama 2, 2, 6, 6): makundi 45, mipangilio 6. Jumla 270.
• Tatu zinafanana, moja tofauti (kama 7, 7, 7, 1): makundi 90, mipangilio 4. Jumla 360.
• Zote nne zinafanana: makundi 10, mpangilio 1. Jumla 10.

Makundi: 210 + 360 + 45 + 90 + 10 = 715.
Namba: 5,040 + 4,320 + 270 + 360 + 10 = 10,000.

Kugawanya kwa 24 kunadhani kila kundi lina mipangilio 24, kumbe ni makundi 210 tu yenye hiyo. Ukitaka kulikumbuka kosa hili maisha yako yote, jaza kisanduku hicho upya kwa mkono wako. Na kwa upande wa matumizi: mtu aliyechungulia akaona tarakimu zako zote nne bila kushika mpangilio ana njia 24 za kujaribu kama zote ni tofauti. Kama umetumia jozi mbili zimebaki sita.

MASHARTI: ANGALAU, NA ISIZIDI

Maisha hayaachi uchaguzi huru kwa muda mrefu. Chukua kreti la soda la chupa 24, ladha nne: Coca-Cola, Fanta, Sprite na Stoney Tangawizi. Bila sharti lolote, vijiti 3, nafasi 27: 27 × 26 × 25 ÷ 6 = 2,925. Mwenye duka mwenye kreti moja tu ana njia 2,925 za kulijaza.

Sharti la "angalau". Anataka kila ladha iwe na chupa tatu au zaidi, asimkose mteja yeyote.

1. Weka kwanza zile za lazima: 3 × 4 = 12.
2. Zilizobaki, 24 − 12 = 12, zigawe kwa uhuru: nafasi 15, vijiti 3.
3. 15 × 14 × 13 ÷ 6 = 455.

Hakuna fomula mpya hapo. Umetimiza sharti kwanza, swali limerudi kuwa la kawaida.

Sharti la "isizidi". Duka la jumla limebakiwa na chupa 10 tu za Stoney. Hapa usihangaike kuhesabu mazuri. Hesabu mabaya uyatoe. Mabaya ni makreti yenye Stoney 11 au zaidi. Weka 11 kwanza, zimebaki 13: nafasi 16, vijiti 3, 16 × 15 × 14 ÷ 6 = 560. Toa: 2,925 − 560 = 2,365.

Je, kama kila ladha isizidi 10? Ukitoa 560 mara nne umetoa 2,240, lakini kreti lenye Coca-Cola 11 na Fanta 11 limetolewa mara mbili, na linastahili kutolewa mara moja. Rudisha hayo. Jozi za ladha ni sita. Kwa kila jozi weka 22, zimebaki chupa 2, nafasi 5, vijiti 3, njia 10. Unarudisha 60. Ladha tatu zenye 11 kila moja zingehitaji chupa 33, hazienei. Jibu: 2,925 − 2,240 + 60 = 745.

Wanafunzi husahau kurudisha hizo 60. Kila unapotoa zaidi ya kundi moja la mabaya, jiulize kama kuna kitu kilichokuwa katika makundi mawili kwa pamoja.

KUGAWA NI HESABU HIYOHIYO

Mifuko 12 ya unga, yote sawa, inagawiwa kwa kaya tano. Kila mfuko "unachagua" kaya, na kaya moja inaweza kuchaguliwa mara nyingi. Vitone 12, vijiti 4, nafasi 16: 16 × 15 × 14 × 13 ÷ 24 = 1,820. Kama hakuna kaya inayoruhusiwa kukosa, toa mfuko mmoja kwa kila kaya, imebaki 7: 11 × 10 × 9 × 8 ÷ 24 = 330. Kwa hiyo katika migawo 1,820 inayowezekana, 1,490 inaiacha kaya moja au zaidi mikono mitupu. Sijui mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini sharti la "angalau kimoja" liandikwe kwenye kumbukumbu za kamati ya mtaa badala ya kuachwa kwenye nia njema.

Bao la Kiswahili nalo ni mgawo wa aina hiyo. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete ni 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Wakati wa namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kete nyingine bado ziko ghalani, yaani nje ya ubao. Mchezo ukifika mtaji, hatua ya pili, zote 64 ziko ubaoni. Zinaweza kukaa kwa njia ngapi? Vitone 64, vijiti 31, nafasi 95. Chagua 31 kati ya 95 na utapata namba iliyo chini kidogo tu ya 1 ikifuatwa na sifuri 25. Mashine inayohesabu mikao milioni moja kwa kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka bilioni 300 kuimaliza. Si kila mkao kati ya hiyo unaweza kufikiwa kwa kucheza kwa kanuni, kwa hiyo ichukue kama dari. Hata hivyo, wazee wanaokaa na ubao huo kijiweni na kuona hatua kadhaa mbele wanafanya kazi kubwa ya akili kuliko tunavyowahesabia.

MPAKA WA HESABU HII: MAMBO MAWILI YA KUCHUNGA

La kwanza ni bahati. Rusha dadu mbili kama kwenye ludo. Matokeo bila kujali mpangilio ni aina 6, vitu 2, nafasi 7: 21. Mtu anaweza kusema basi sita-sita ina nafasi moja kati ya 21. Siyo. Dadu ni mbili, na kila moja inaanguka kivyake, kwa hiyo matokeo yenye uzito sawa ni 36. Sita-sita inatokea kwa njia moja tu kati ya hizo, wakati tano-sita inatokea kwa njia mbili. Kuhesabu michanganyiko hakukuambii kwamba michanganyiko hiyo ina bahati sawa. Anayeweka dau kwa kutumia 21 atapoteza pesa polepole bila kuelewa kwa nini.

Cha ajabu ni kwamba kuna vitu vinavyofuata hesabu ya 21. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dhaka, alimpelekea Albert Einstein makala iliyohesabu chembe za mwanga bila kuzitofautisha hii na ile. Einstein aliitafsiri kwa Kijerumani, ikachapishwa. Njia yenyewe ya vitone na vijiti ilikwishatumiwa na Paul Ehrenfest na Heike Kamerlingh Onnes mwaka 1914 katika kueleza hesabu za Max Planck kuhusu mnururisho. Kwa hiyo mchoro unaouchora kwa ajili ya vitafunwa una historia nzito katika fizikia. Lakini dadu za ludo hazimo katika historia hiyo. Zenyewe zinabaki na 36.

La pili ni thamani. Konda ana sarafu za 50, 100, 200 na 500. "Sarafu tano mkononi, michanganyiko mingapi?" ni swali letu. "Kulipa shilingi 1,000 kwa sarafu hizo, njia ngapi?" si letu, kwa sababu idadi ya sarafu inabadilika kutoka njia moja hadi nyingine. Hilo linataka kuorodhesha kwa utaratibu: bila sarafu ya 500 kuna njia 36, ukitumia moja 12, ukitumia mbili 1, jumla 49. Ukiona neno "jumla ya shilingi" ndani ya swali, weka vitone na vijiti pembeni.

MFANO WA BIASHARA: JUISI

Muuza juisi ana embe, nanasi, pasheni, parachichi na ukwaju. Glasi moja inabeba kata tatu. Akichanganya matunda matatu tofauti tu, ana juisi 10 za kuandika ukutani. Akiruhusu kurudia, embe kata mbili na nanasi moja ikahesabiwa kinywaji tofauti na nanasi mbili na embe moja, ana 35 (tazama jedwali, aina 5, vitu 3), tano kati yake zikiwa tunda moja tupu. Matunda ni yaleyale, gharama haijapanda. Ushauri wangu: usiandike zote 35 kwenye bango. Andika matunda matano na maneno "chagua kata tatu". Halafu weka rekodi ya wiki chache uone ipi inarudiwa na wateja. Hizo ndizo za kupewa jina.

ORODHA YA UKAGUZI KABLA YA KUANDIKA JIBU

☐ Mpangilio haujalishi, na kurudia kunaruhusiwa.
☐ Vitu vya aina moja havitofautishwi. Watu hutofautishwa siku zote, usiwafanye vitone.
☐ Idadi ya vitu imefungwa. Kama swali linasema "hadi sita", ongeza aina moja ya bandia, "kisichonunuliwa", kisha hesabu kama kawaida.
☐ Vijiti ni pungufu ya aina kwa moja.
☐ "Angalau" imetolewa kwanza. "Isizidi" imehesabiwa kwa kutoa mabaya.
☐ Bidhaa inatosha. Kama zimebaki sambusa mbili tu, hilo ni sharti la "isizidi".
☐ Jibu ni namba kamili, na njia imejaribiwa kwa namba ndogo.

MAZOEZI

1. Konda ana sarafu tano mkononi, za 50, 100, 200 au 500. Michanganyiko mingapi?
2. Kuna boksi la dhumna lenye namba sifuri hadi tisa. Lina vipande vingapi?
3. Mteja anachukua khanga 10 za miundo mitatu, angalau mbili za kila muundo. Njia ngapi?
4. Mama ana aina nne za vitafunwa, na wewe unaweza kununua hadi vitano, hata usiponunua kabisa. Njia ngapi?
5. Mwanafunzi ameandika kwamba soda tano kutoka ladha tatu zinachaguliwa kwa njia 3 × 3 × 3 × 3 × 3 ÷ 120. Eleza ungejuaje papo hapo kwamba kakosea, kisha toa jibu sahihi.

MAJIBU

1. Nafasi 8, vijiti 3: 56.
2. Aina 10, vitu 2, nafasi 11: 11 × 10 ÷ 2 = 55.
3. Sita zimewekwa, zimebaki 4, aina 3: 6 × 5 ÷ 2 = 15.
4. Aina nne na moja ya bandia ni tano, vitu 5: 9 × 8 × 7 × 6 ÷ 24 = 126. Njia moja kati ya hizo ni ya kurudi nyumbani bila kitu.
5. 243 haigawanyiki kwa 120 bila kubaki, na zaidi ya hapo jibu lake ni karibu 2, wakati soda tano za ladha moja peke yake zina njia tatu. Jibu sahihi: nafasi 7, vijiti 2, yaani 21.